Kidole cha Shahada

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba Ned Stark alikuwa Waziri Mkuu. Ndivyo alivyomwita mtafsiri. Tulikuwa tunaangalia Game of Thrones iliyoingizwa sauti ya Kiswahili, sauti ya jamaa mmoja mwenye mafua ya kudumu, aliyekuwa anacheza watu wote peke yake: mfalme, malkia, mbwamwitu na hata upepo. Mfalme Robert alipofungua mdomo, jamaa aliwahi: "Sasa hapa mzee anamwambia mshikaji wake, twende wote Daslamu ukawe Waziri Mkuu wangu, na mshikaji hataki, hebu muone sura yake." King's Landing ikawa Daslamu. Winterfell ikawa Makete, kwa sababu ya baridi. Banda zima lilicheka, na hakuna aliyepotea njia.

Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Temeke hahitaji kuelezwa haya. Tangu enzi za Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, muvi ya kigeni kwetu ilikuwa haijaisha kutengenezwa mpaka mtu wa nyumbani aongee juu yake. Mtafsiri anaongeza utani, anawapa watu majina ya mtaani, anawaonya wasikilizaji kabla adui hajatokea nyuma ya mlango. Banda letu lilikuwa Tandika, la mabati na magunia, na mabenchi yake yalichongwa na baba yangu. Nayataja mabenchi kwa sababu yatahusika.

Hiyo ilikuwa 2013. Sizoni ya tatu ilikuwa imetoka mwaka huohuo huko Marekani, na sisi tulikuwa tumepata ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baadaye niliomba kijana mwenye banda anihamishie kwenye flashi, nikampelekea baba nyumbani. Alikuwa na runinga ya chogo na deki iliyokubali flashi baada ya kubembelezwa. Baba hakupenda kwenda bandani. Alisema ni joto, nami nilijua kwamba bandani watu wanapeana mikono.

Baba ni fundi seremala. Alifanya kazi Keko, kwenye ule mstari wa karakana ambao kila anayetaka kitanda au makochi Dar es Salaam hufikishwa na ndugu au dalali. Kwa hiyo muvi aliiangalia kwa namna yake. Watu walipokuwa wanachinjana, yeye alikuwa anaangalia meza. "Hiyo ni mbao ngumu," alisema. "Rudisha nyuma kidogo. Unaona maungio? Hawakupiga msumari pale, wamechonga ulimi." Milango ya Winterfell aliipenda. Vitanda vya kifalme aliviona ni vya kujionyesha. Kile kiti cha enzi, kile cha chuma kilichosukwa kwa panga za maadui walioshindwa, alikiangalia kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia Waziri Mkuu akikatwa kichwa.

"Hiki kiti gani?" alisema mwisho. "Mtu atakaaje bila kujikata?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani ni muvi tu.

*

Jibu nililipata 2015, nikiwa nimeshahamia Mwananyamala, chumba kimoja, choo cha kushirikiana, na kazi ya kuhesabu mizigo ya watu wengine. Posta, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga mali yao chini kando ya barabara, nilikuta kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin, A Game of Thrones, cha mwaka 1996, jalada limekunjika na kurasa zina harufu ya stoo. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne. Nilikisoma miezi mitatu. Karibu na mwanzo, mfalme anapomfuata rafiki yake kaskazini, nikakutana na cheo ambacho sikukijua. Nikarudia sentensi. Sio Waziri Mkuu. Mkono. Anamtaka awe Mkono wa Mfalme.

Mtafsiri wetu hakukosea. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: anaendesha nchi, anakaa barazani mfalme akiwa amelewa, anabeba lawama. Ila kwa kulitoa lile neno alikuwa ameng'oa uzi, na uzi huo ulikuwa umeshona kitabu kizima. Niliporudi kuangalia picha, niliona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita kila mara: ile beji kwenye kifua cha Ned ni mkono. Jengo anamokaa linaitwa Mnara wa Mkono. Kwenye vitabu, mkufu wa cheo umeunganishwa kwa mikono midogo ya dhahabu, mmoja umeshika mwingine.

Ukishaona beji, unaanza kuona mikono yenyewe. Catelyn, mke wa Ned, anashika kisu cha muuaji kwa viganja vitupu ili kumwokoa mwanawe, na vidole vyake havirudi tena kuwa vilivyokuwa. Jon Snow anaunguza mkono wake wa kulia akimwokoa mkuu wake dhidi ya maiti iliyofufuka, na kwa vitabu vyote vinavyofuata anaukunja na kuukunjua, anaukunja na kuukunjua, mpaka msomaji naye anajikuta anafanya hivyo. Qhorin, askari wa ukutani, amebakiwa na kidole gumba na cha shahada tu katika mkono wake wa upanga, akajifunza kupigana kwa kushoto. Theon anakatwa vidole na mtu anayefurahia kukata. Halafu wapo wawili ambao nilikaa nao muda mrefu zaidi, Davos na Jaime.

Davos alikuwa mtu wa magendo. Ngome ya Stannis ilipozingirwa na watu wakawa wanakaribia kula viatu, yeye alipenyeza boti usiku na kuleta vitunguu na samaki. Stannis akampa uheshimiwa kwa vitunguu, na kwa miaka yake ya magendo akamkata ncha za vidole vinne. Siku moja, mtu mmoja, zawadi na adhabu. Davos alikuwa na sharti moja tu, kwamba Stannis amkate kwa mkono wake mwenyewe. Mifupa ya vile vidole akaishona kwenye kifuko, akakivaa shingoni, akaamini kinamletea bahati. Na mbele ya safari, katika A Storm of Swords, kitabu cha mwaka 2000, mtu huyu wa vidole vifupi ndiye anafanywa Mkono wa Mfalme. Kwa sauti ya yule jamaa wa mafua, maana yake ni kwamba mvuvi amepewa uwaziri. Kwa Kiingereza cha Martin, ni kwamba asiye na mkono kamili ndiye anakuwa mkono. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje, nikanunua chipsi ambazo sikuzihitaji.

Jaime ni kinyume chake. Yeye alikuwa ni mkono tu. Alikuwa mpiga upanga bora wa nchi, mwenye sura na kiburi, na hakujua kitu kingine chochote juu yake mwenyewe. Wakamkata mkono wa kulia. Bandani, tuliposhuhudia hilo, kelele zilikatika ghafla kama umeme. Baadaye anatengenezewa mkono wa dhahabu. Baba aliuona ule mkono kwenye runinga ya chogo, akacheka kwa pua.

"Mkono wa dhahabu haushiki randa," akasema.

Kwenye kitabu Jaime anajifunza upya kwa kushoto, usiku, kwa siri, akipigwa kila mara na mnyongaji wa mfalme, mtu aliyekatwa ulimi. Anamchagua huyo kwa sababu hawezi kumwambia mtu. Mengi katika vitabu hivi yananichosha, karamu zisizoisha na majina ya ukoo kama daftari la mtendaji wa kata, lakini kwa hilo la mwalimu asiye na ulimi Martin namsamehe kurasa mia mbili. Yule mtu alijua jambo kuhusu aibu. Nami nililijua, kwa sababu niliwahi kumkuta baba amejifungia chumbani usiku, kibatari kimewaka, anajifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita.

*

Ilikuwa 2004. Nilikuwa darasa la sita, na asubuhi ile tulirudishwa nyumbani wote ambao hatukuwa tumetoa mchango. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, michango haikufutwa. Wenzangu walikwenda kucheza. Mimi nilitembea kutoka Tandika mpaka Keko, kwa sababu nilijua baba ana kazi ya makochi ya mtu wa harusi na huenda amepewa malipo ya kwanza.

Karakana aliyokuwa anafanyia haikuwa yake. Ilikuwa na mashine moja ya kupasulia mbao, meza ya chuma yenye jino la duara katikati, na mafundi walipangiana zamu. Kinga ya jino ilikuwa imeondolewa siku nyingi kwa sababu ilikuwa inachelewesha. Ninakumbuka vumbi la mninga, jekundu, limemkaa kwenye kope. Alikuwa amenipa mgongo nusu. Nilisimama kwenye mlango na kuita: "Baba!"

Sitaeleza kilichofuata. Cha shahada na cha kati viliondoka chote na chote, cha pete kilibaki nusu. Mkono wa kulia.

Vidole alivichukua fundi mwenzake, akavitia kwenye mfuko wa rambo. Vijana wa sasa hawaijui ile mifuko, ilipigwa marufuku 2019, lakini sisi tuliiita hivyo, mifuko ya rambo, kwa jina la yule shujaa wa muvi ambaye hapigwi risasi. Hospitali walisema vimechelewa. Jioni baba mdogo alivifunga kwa kitambaa cheupe, akachimba kwenye kona ya uwanja wetu chini ya mwarobaini, akasema bismillahi na kufukia. Aliniambia nishike tochi. Nikashika. Sikuweza kuuliza kama vidole vinasomewa.

Kwa Waislamu kidole hicho kina kazi ambayo haiwezi kukaimiwa na kingine. Unapokaa kusoma tahiyatu, ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinachonyooshwa, kushuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Ndiyo maana kinaitwa hivyo. Baba aliporudi msikitini, mimi nilikaa safu ya nyuma yake, na nilimwona. Fika mahali pale, kile kigutu kilisogea. Kilikuwa kinanyoosha kitu ambacho kilikuwa chini ya mwarobaini. Baada ya salamu, watu hugeukiana kupeana mikono, na baba alikuwa amekwisha kuondoka.

Lugha yetu haikumsaidia. Kila kitu kwetu ni mkono. Unatoa mkono wa Idi, unatoa mkono wa pole, unamuunga mtu mkono, unamwambia mkono mmoja haulei mwana. Bahili ana mkono wa birika. Nilikuwa nasikia maneno haya redioni na kumtazama baba kuona kama ameyasikia.

Alirudi kazini baada ya miezi saba. Mashine hakuigusa tena. Alibaki na kazi za mkono, kupiga msasa, kuchonga kwa patasi akitumia kushoto, polepole, na watu wenye haraka wakahamia kwa wengine. Yale mabenchi ya banda la Tandika ni kazi yake ya kwanza baada ya ajali. Yalikuwa yanayumba. Mwenye banda aliyapokea na kumlipa kamili, na kwa miaka yote niliyokaa pale kuangalia muvi, kila nilipohisi benchi likicheza nilijua ni kwa nini.

Mchango wa shule ulitolewa na baba mdogo.

*

Kwa hiyo, ndiyo, nilikuwa naona mikono. Nilifungua daftari. Niliandika kila mkono uliokatwa, ulioungua, ulioganda, ulioshikwa. Nilipomaliza vitano vya Martin vilivyopo, cha mwisho ni A Dance with Dragons cha 2011 na dunia nzima bado inasubiri kinachofuata, nikaenda kwa Tolkien. Kumbe hali ni ileile. Isildur anakata kidole cha Sauron na pete inapatikana. Frodo anamaliza safari yake kwa kung'atwa kidole. Jeshi la mchawi Saruman lina alama ya mkono mweupe. Katika The Silmarillion, Beren anapoteza mkono ndani ya mdomo wa mbwamwitu, na Maedhros anatundikwa mwambani kwa kifundo cha mkono wa kulia mpaka rafiki yake anaukata kumwokoa, kisha anajifunza upanga kwa kushoto na kuwa hatari zaidi. Nyuma ya hao wote yuko Tyr, mungu wa watu wa kaskazini ya Ulaya, aliyeweka mkono mdomoni mwa mbwamwitu Fenrir kama dhamana, akijua hataurudisha.

Nilifurahi kama mtu aliyegundua mafuta. Nikamweleza rafiki yangu mmoja wa Mwananyamala, msomaji kuliko mimi, ambaye alikuwa ameangalia sizoni zote bila tafsiri. Alinisikiliza. Kisha akasema yeye hakuona mikono. Aliona mama. Mama anayefufuka, mama wa mazimwi, mama anayelipua jengo, mama waliokufa wakijifungua, watatu kwa hesabu yake. Akanitajia mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa sahihi. Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule, nilikuwa nimehudhuria maziko Kinondoni.

Hapo daftari likapoteza utamu. Hadithi ya kurasa elfu kadhaa kuhusu watu wanaopigana kwa panga lazima iwe na mikono iliyokatwa, kama vile hadithi ya wavuvi lazima iwe na wavu. Labda Martin aliyapanga yote. Mkono wa Mfalme kwenye beji na mkono wa Jaime kwenye tope haviwezi kuwa bahati nasibu, hilo sitalikubali hata leo. Lakini si yeye aliyenipeleka mimi kuhesabu. Ukurasa wa Davos ulikuwa unaniuma kwa sababu Davos alijua nani amemkata, akamchagua, akamheshimu, na jambo likaisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na zaidi sijamwuliza baba swali moja.

Na swali lenyewe lilikuwa limeshawekwa mezani na watu wa pwani hii zamani, kabla ya mazimwi ya HBO. Sekondari tulisoma habari za Fumo Liyongo. Utenzi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mnamo 1913, ingawa hadithi ni ya kale zaidi. Liyongo hakuuliwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo hakuna aliyeijua. Maadui wakamtuma mwanawe. Mtoto akamwuliza baba. Na baba, hapa ndipo mwalimu alipokuwa anatusimamisha, baba alishatambua mtoto ametumwa, na bado akamwambia. Kila mtu darasani alibishana kuhusu usaliti wa mtoto. Mimi niliyenyamaza nilikuwa nawaza kuhusu baba, kwamba kuna wazazi wanaojua kabisa kilichowapata kimetoka wapi, na wanachagua la kusema.

*

Nilimwuliza mwezi wa Oktoba 2022. Nilikuwa nimempelekea House of the Dragon kwenye laptopu, na safari hii mtafsiri nilikuwa mimi. Nilitamka Mkono wa Mfalme, kama ilivyo, na kuangalia uso wake. Hakushtuka. Alisema tu, "Mkono? Kama mtu wake wa karibu?" Nikasema ndiyo. "Sawa," akasema, "hata sisi mwenyekiti wa mtaa ana wake."

Mfalme katika hadithi hii ni Viserys, mtu mpole, na kile kiti kinamkata. Kinamkata kidogo hapa, kidogo pale, vidonda havifungi, na baada ya muda anaonekana vidole viwili havipo. Waandishi wanasema kiti kinamkataa asiyestahili. Mfalme mmoja kichaa alikatwa mpaka watu wakampa jina la vigaga vyake. Nilimweleza baba haya yote, na nilipokuwa nayaeleza nilisikia ninavyosema, kiti, kukatwa, vidole, asiyestahili, na ulimi ukawa mzito. Alikuwa anapasua mbao za makochi siku ile. Vilikuwa ni viti.

"Baba," nikasema.

"Naam."

"Siku ile Keko. Mimi ndiye niliyekuita."

Hakugeuka kutoka kwenye laptopu. Mfalme alikuwa anakunywa kitu. "Ulikuwepo?" akasema.

"Nilikuwa mlangoni. Nilikuita, ukageuka."

"Mashine ile," akasema, "mtu akisimama sikioni kwako akapiga kelele, humsikii. Mafundi tulikuwa tunaitana kwa kurushiana vipande vya mbao." Akaunyanyua ule mkono, akautazama mbele na nyuma kama mtu anayekagua kazi ya mwingine. "Mbao ilikuwa na msumari. Mbao za kuvunjia nyumba, mwenye mali alitaka kubana matumizi. Jino limegonga msumari, mbao imeruka, mkono umekwenda mbele. Sikukusikia."

"Lakini uligeuka."

"Niligeuka baada."

Nimeirudia ile picha mara nyingi kuliko muvi yoyote, na ndani yake anageuka kabla. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Na yeye ni mtu ambaye akiulizwa na mteja kama kochi litadumu husema ukweli hata kama anapoteza kazi. Siwezi kupata jibu kati ya mambo haya mawili. Makochi ya harusi, kwa jinsi ninavyokumbuka, yalikuwa ya mninga mpya, mwekundu, na kama kulikuwa na mbao za kuvunjia nyumba pale karakana mimi sikuziona.

Sikumwambia hilo.

"Lile jengo la choo," akasema baada ya muda, "walipojenga walikata mwarobaini. Baba yako mdogo alikuonyesha pale alipofukia?"

"Nilishika tochi."

"Ahaa." Akatikisa kichwa kidogo. "Mimi hakuwahi kunionyesha. Wapi hasa?"

Nikasimamisha picha. Tukatoka uani, yeye na kandambili zake, mimi na simu iliyowasha taa. Nilikuwa na uhakika, halafu sikuwa nao. Choo kilikuwa kimesogeza kila kitu. Nikapima kwa hatua kutoka ukuta wa jirani kama nilivyokumbuka, nikafika kwenye sakafu ya saruji kando ya pipa la maji.

"Hapa," nikasema. "Au hapo pembeni."

Akachuchumaa, akagonga saruji kwa vifundo vya mkono wa kushoto, mara mbili, kama anavyogonga ubao kusikiliza kama ni mzima. Akasema waliochanganya ile saruji walipunja mchanga mzuri. Kisha akaniuliza kama yule mfalme atakufa.

"Atakufa," nikasema, "ila bado."

"Basi twende tumalizie, chaji isije ikaisha."